Maji ni Mali ya Nani?

Yako maswali ambayo mtoto huuliza bila kujua uzito wake, na mtu mzima huishi nayo mpaka uzeeni. Mojawapo ni swali la mwenye maji. Ardhi tunajua namna ya kuigawa: tutapanda masale mpakani, na mjukuu atakuta alama. Lakini maji hayapandiwi masale. Asubuhi yako kwa jirani wa juu, mchana yako kwako, na baada ya siku chache yamekwisha kufika baharini Pangani, kwa watu ambao hatujapata kuwaona wala wao hawatujui.

Kwa sababu hiyo kila utawala uliopita katika nchi hii umelijibu swali hilo kwa namna yake. Mimi nimejaaliwa kupita umri wa miaka 70, na katika muda huo nimeyasikia au kuyaona majibu manne. Napenda, ndugu msomaji, tuyapitie moja baada ya jingine. Sina nia ya kuwahukumu waliotangulia. Nataka tu tujue tumefikaje hapa tulipo, maana kijiji chetu hivi leo kinabishana juu ya ndoo ya maji, na wengi wanaobishana wanadhani ubishi huu umeanza jana.

Jibu la kwanza ni la wazee wa milimani. Huku kwetu Upare, kabla ya mtawala yeyote mgeni, watu walichimba mifereji kutoka kwenye vijito na kuyakusanya maji katika mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Usiku ndiva ilijaa. Asubuhi mlango wake ulizibuliwa na maji yakashuka mashambani kwa zamu. Ukoo uliochimba ndiva ndio ulioshika usimamizi wake. Mzee wa ndiva alijua kwa kichwa, bila daftari, nani anamwagilia leo na nani atangoja kesho. Mfereji ulipobomoka uliitwa msaragambo na kila nyumba ilitoa mtu. Asiyefika alitozwa faini, na aliyekaidi alirukwa kwenye zamu mpaka alipojirudi. Ilikuwa mwiko pia kuchota kwenye chemchemi kwa chungu chenye masizi. Tulipokuwa watoto tuliambiwa kwamba chemchemi itahama. Nilipokuwa mwalimu wa sayansi nilitambua kuwa wazee walikuwa wakifundisha usafi kwa lugha yao.

Hata hivyo tusiipake ndiva asali. Mgeni aliyehamia alipata zamu ya mwisho, tena kiangazi zamu hiyo ilikuwa matope. Wanawake, ambao ndio waliobeba mitungi, hawakuketi katika kikao cha ndiva. Mke wangu, aliyezaliwa upande wa juu wa bonde letu, hunikatiza kila ninapoanza kuyasifu mambo ya kale. Huniambia, “Mwalimu, wewe unakumbuka zamu ya shamba. Mimi nakumbuka mtungi.” Maneno hayo nayaweka hapa mwanzoni kwa sababu yatatusaidia mbele.

Jibu la pili ni la Waingereza, nalo lilikuja kwa karatasi. Walitunga sheria ya maji mwaka 1923, wakaitunga upya 1948, na tena 1959, miaka miwili tu kabla ya Uhuru. Mlowezi mwenye shamba la kahawa au la katani alihitaji kuwa na hakika kwamba maji aliyoyategemea hayatachukuliwa na mtu mwingine. Basi aliomba haki ya maji, ikaandikwa, ikapewa namba na kiasi. Mwenye ndiva hakuwa na namba. Haki yake ilikuwa katika kumbukumbu za wazee, na kumbukumbu haipigwi mhuri.

Haifai kusema kwamba wakoloni wote hawakuijua nchi. Clement Gillman, mhandisi aliyeanza kazi hapa katika ujenzi wa reli wakati wa Wajerumani na kubaki chini ya Waingereza, alichapisha mwaka 1936 ramani ya makazi ya watu wa Tanganyika. Ramani ile ilionyesha jambo ambalo kila mama mwenye mtungi angelisema bila ramani: watu wamejazana palipo na maji, na sehemu kubwa ya nchi iko tupu kwa sababu hayapo. Nilikuwa nikiwachorea wanafunzi wangu mfano wa ramani hiyo ubaoni. Mwanafunzi akiielewa, ameelewa nusu ya jiografia ya Tanzania.

Karatasi za wakoloni zilivuka hata mipaka. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake, ilikubaliana na Misri kwamba lisijengwe jambo lolote katika mto Nile, mito yake au maziwa yake ambalo lingepunguza maji yanayofika Misri. Ziwa Victoria likawa limefungwa kamba na watu wasiokunywa maji yake. Serikali ya Tanganyika ilikataa. Julai 1962 ilizijulisha Uingereza, Misri na Sudan kuwa mkataba huo hauifungi nchi iliyojitawala. Miaka mingi baadaye bomba la maji ya ziwa hilo likapelekwa Kahama na Shinyanga, na lilizinduliwa mwaka 2009. Nayataja haya ili vijana wafahamu kuwa kukataa kwa maandishi kuna faida yake, hata kama matunda yatachelewa miaka 47.

Jibu la tatu ndilo jibu la ujana wangu. Baada ya Uhuru, halmashauri ilichangia robo ya gharama za mradi wa maji na Serikali Kuu ikatoa robo tatu. Mwaka 1965 Serikali ikaamua kubeba gharama zote za ujenzi, na baadaye ikaubeba na uendeshaji. Kisha mwaka 1971 ukatangazwa mpango wa miaka 20: ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi na salama katika umbali usiozidi meta 400 kutoka nyumbani kwake. Maji hayo yalikuwa ya bure. Sweden ilitia fedha na wataalamu. Baadaye Wafini walishika Mtwara na Lindi, na Wadenmark wakashika Iringa, Mbeya na Ruvuma.

Mwaka huo huo wa 1971 ndipo nilipotoka chuo cha ualimu, nikiwa na cheti kipya na viatu vya kuazima. Sitaki kijana yeyote acheke mpango ule. Tuliuamini, na tulikuwa na sababu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipotangazwa redioni, tulikusanyika chini ya mti sisi walimu, wazee na akina mama, redio moja ikiwa juu ya kiti, tukajifunza kuhusu vyoo na maji ya kuchemsha. Kulikuwa na heshima katika jambo lile. Serikali ilikuwa imesema kwamba mkulima wa Same anastahili bomba kama bwana wa mjini, na haikuwa imepata kusemwa hivyo kabla.

Mwaka uliofuata, 1974, Bunge lilitunga sheria iliyotamka kuwa maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Jibu likawa limenyooka kuliko yote yaliyotangulia: maji ni ya Taifa. Mlowezi hakuwa na neno tena. Lakini mzee wa ndiva naye hakuwa na neno.

Shule niliyofundisha wakati huo ilikuwa tambarare, katika kijiji kilichoundwa wakati wa Operesheni Vijiji. Kilichimbwa kisima, ikafungwa mashine ya dizeli na tangi likasimamishwa. Siku maji yalipotoka, akina mama walicheza mpaka kanga zikalowa. Kwa muda wa miaka mitatu hivi wasichana wangu wa darasa la saba walifika shuleni kabla ya kengele, na mahudhurio yao katika daftari yalikuwa sawa na ya wavulana. Daftari lile ninalikumbuka vizuri kuliko hotuba yoyote.

Halafu mashine ikakohoa. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu 1973, ikapanda tena 1979. Vita na Idi Amin vilikuwa vimeikausha hazina. Dizeli ikapatikana kwa kibali. Kipuri kilichotakiwa hakikuwa kikubwa kuliko kiganja, lakini kilitoka ng'ambo, na fedha za kigeni hazikuwapo. Wazee wa kijiji, watu ambao babu zao walichimba mifereji kwenye miamba, walikaa wakingoja gari la Maji kutoka wilayani. Nilimwuliza mmoja wao kwa nini tusichangishane walau tutafute fundi. Alinijibu kwa upole kabisa, “Mwalimu, mashine si yetu. Ni ya Serikali. Ukigusa cha Serikali ukakiharibu utasema nini?”

Hakuwa mvivu mzee yule. Alikuwa ameielewa sheria sawasawa. Kitu kikiwa cha Taifa lote, na Taifa likawa na ofisi mjini, basi mwenye nacho yuko mjini. Hata halmashauri ambazo zingeweza kuwa karibu naye zilikuwa zimevunjwa mwaka 1972 na hazikurudi mpaka 1984. Kati ya kijiji na wizara hakukuwa na mtu wa kushika spana. Wasichana wakarudi kuchelewa, na rangi nyekundu ya kalamu yangu ikarudi kwenye daftari.

Na kulikuwa na jambo jingine lililotuuma watu wa tambarare. Katikati ya miaka ya 1960 lilijengwa bwawa la Nyumba ya Mungu, linalopokea mito Kikuletwa na Ruvu, na kutoka hapo unaendelea mto Pangani. Lilijengwa hasa ili kuzalisha umeme na kupima maji yanayoshuka kwenye mitambo ya Hale na Pangani. Mtu aliweza kusimama mlimani, akaona ziwa linang'aa kule chini, kisha akateremka nyumbani kwake asikute tone. Umeme ni kitu cha lazima, sisemi kinyume. Lakini watu wakiona maji yao yanawasha taa za mji mwingine huku wao wakikoroga tope, hawatalielewa somo la mali ya Taifa, hata likifundishwa na mwalimu hodari.

Mwaka 1991 ukafika. Chini ya nusu ya watu wa vijijini ndio waliokuwa wamepata maji, na mabomba mengi yalikuwa makavu. Mwaka huo huo, kwa bahati au kwa makusudi, Serikali ikatoa Sera ya Maji ya kwanza, na hapo likaanza jibu la nne. Sera ilisema wananchi washiriki na wachangie: kila kijiji kiwe na kamati ya maji na mfuko wa maji. Ikaanzishwa pia ofisi ya Bonde la Pangani, ya kwanza katika mabonde tisa ya nchi, ili mto usimamiwe kama mto na si kwa mipaka ya wilaya. Sera ya 2002 ikakaza zaidi, kwamba jamii ya vijijini ilipe gharama zote za uendeshaji na matengenezo. Sheria za 2009 na 2019 zikafuata, na kwa hiyo ya 2019 ukaundwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA.

Mjini jibu hili lilijaribiwa kwa njia kali zaidi. Mwaka 2003 usambazaji wa maji ya Dar es Salaam ulikabidhiwa kampuni ya City Water, iliyokuwa na wabia wa kigeni. Mwaka 2005 Serikali ikauvunja mkataba huo. Wageni wakashtaki, na uamuzi uliotolewa 2008 ulikubali kwamba Serikali ilikiuka mkataba wa kulinda vitega uchumi, lakini haikuamriwa kulipa fidia hata senti. Funzo ninalolipata ni kwamba kubadilisha jina la anayetoza bili hakuongezi maji mtoni.

Sheria ya 2009 inastahili kusomwa na kila mzee wa ndiva, na mimi nimeisoma kwa sauti mbele yao jioni tatu mfululizo. Inasema maji ni ya umma, na Rais ameyashika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Neno hilo la mdhamini ni zuri kuliko neno mali. Inayatanguliza matumizi ya nyumbani mbele ya mengine yote. Anayechota maji ya kunywa na kupikia hahitaji kibali. Anayemwagilia shamba anahitaji. Na inazitambua haki za kimila za maji. Yaani baada ya miaka zaidi ya 80 ya karatasi, karatasi imemwona mwenye ndiva.

Wazee walisikiliza. Mmoja wao, aliye mkubwa wangu kwa umri, akauliza, “Sasa, Mwalimu, tukienda kuandikisha ndiva ya babu zetu, tutaambiwa tulipe ada?” Nikamjibu kuwa kibali cha kumwagilia kina ada yake. Akatikisa kichwa. “Basi Serikali inatukodishia ndiva yetu.” Nikamweleza kwamba bila kuandikwa, siku mtu wa juu atakapofunga pampu yake kijitoni, hatutakuwa na cha kuonyesha. Hatukuafikiana jioni ile, na mpaka sasa fomu iko kwangu, imejazwa nusu.

Machi 2025 ulizinduliwa mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaovuta maji kutoka Nyumba ya Mungu ile ile, baada ya kusubiriwa miaka mingi. Hatimaye bwawa limekumbuka majirani zake. Kwa upande wetu wa milimani tuna mradi mdogo wa mserereko na chombo cha watumia maji, na ndoo moja ni shilingi 50. Mimi ni mjumbe wa kamati.

Hapo ndipo ulipo ubishi niliousema mwanzoni. Katika kitongoji chetu wapo bibi watatu wanaoishi peke yao au na vijukuu. Shilingi 50 kwa mwenye duka si kitu. Kwa bibi ambaye hashiki shilingi 1,000 kwa juma, ndoo nne kwa siku ni mzigo usiobebeka. Wakaanza kuchota kwenye mfereji wa ndiva, chini ya mahali ng'ombe wanaponywea. Mjukuu mmoja akalazwa kwa kuhara. Alipona, namshukuru Mungu. Kamati ikakutana, nikatoa hoja kwamba nyumba zile tatu zipewe ndoo nne kila siku bila malipo, na sisi wengine tuongeze kidogo kwenye mchango wa mwezi.

Akasimama kijana mmoja mwenye duka, mtu mkweli, niliyemfundisha hesabu mwenyewe. Akasema, “Mwalimu, shikamoo yako iko palepale, lakini hoja yako ndiyo iliyoua mabomba ya wazee wetu. Walianza na maji ya bure. Leo bibi watatu, kesho kutwa kila mtu atakuwa na bibi.” Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeweza kusema kuwa amekosea. Mimi mwenyewe niliyaona yale matangi makavu.

Nilimjibu kwa yale niliyofikiri kwa miaka mingi, na ndiyo ninayotaka kukuachia, msomaji. Maji ya 1971 hayakushindwa kwa sababu yalikuwa bure. Yalishindwa kwa sababu hapakuwa na mtu kijijini aliyejua yanalipiwa na nani, kiasi gani, wala fedha zikiisha amwendee nani. Bure ile haikuwa na uso. Ndoo za bibi hawa zitakuwa na uso: tutaandika ukutani kwenye kituo cha kuchotea kwamba zimelipwa na nyumba 60 na ushei za kitongoji hiki, na kila nyumba itajua mchango wake. Wazee wa ndiva walijua kumrukia zamu mkaidi, lakini walijua pia kumwacha mgonjwa amwagilie bila kuja msaragamboni. Mizani hiyo ilikuwa ndani ya kikao chao. Serikali ilipoyachukua maji iliichukua na mizani, na sasa inapoturudishia gharama inafaa tuidai na mizani yetu.

Mke wangu, ambaye siku hizi ana haki ya kuketi kikaoni na huitumia, aliongeza neno fupi. Alisema kuwa tangu utawala wa ndiva mpaka leo, kila aliyepanga bei ya maji alikuwa mtu asiyeyabeba. Akaomba nusu ya kamati wawe wanawake, wala si kwa ajili ya kujaza viti. Hoja yake ilipita haraka kuliko yangu.

Yangu ilipita kwa kura saba dhidi ya tano, kwa majaribio ya miezi sita. Yule kijana alipiga kura ya hapana, kisha akajitolea kushika daftari la mapato ili, kwa maneno yake, ukweli wenyewe uonekane. Nilifurahi sana. Sina hakika kwamba mfuko utahimili. Kiangazi kikiwa kirefu na bomba likipasuka, michango ndiyo itakayoguswa kwanza, na huenda tukarudi mezani tukiwa na nyuso ndefu. Lakini tutarudi mezani sisi wenyewe, tukiwa na daftari mbele yetu, wala hatutangoja gari kutoka wilayani.

Miezi sita itatimia baada ya mavuno ya mahindi. Hesabu za kijana zitakuwa ajenda ya kwanza, fomu ya ndiva itakuwa ya pili, na wazee wameahidi kuja.